Usimwache Alale Upande Mmoja

Mama Pacha aliamka kabla ya watu wote. Aliwapikia pacha wake uji, akawapeleka shule. Kisha aliingia chumbani kwa mama yake. Mama alikuwa amepata kiharusi. Mkono na mguu wake wa kulia haikuwa na nguvu.

"Umeamkaje, mama?"

"Hivyo hivyo, mwanangu."

Nyumba nzima ilimheshimu mgonjwa. Redio ilizimwa. Pacha walitembea kwa kunyata, na waliupenda mchezo huo kuliko masomo. Mama akilala, hakuna aliyemgusa.

"Msimwamshe," alisema kaka yake Mama Pacha, fundi wa baiskeli. "Usingizi ni dawa."

Basi mama alilala chali tangu asubuhi hadi jioni. Wote waliamini wanamtunza vizuri.

Siku moja Mama Pacha aliona ngozi ya mgongoni, chini ya kiuno, imekuwa nyeusi zaidi na ngumu. Alipaka mafuta akasugua kwa nguvu. Alifanya hivyo kila siku. Mama alikunja uso, lakini hakusema kitu. Hakutaka kumvunja moyo binti yake. Wiki ya pili ngozi ilichanika.

Muuguzi wa zahanati aliitwa. Alikikagua kidonda.

"Mnamgeuza mara ngapi?" aliuliza.

"Kumgeuza? Hatumsumbui kabisa."

"Dada yangu, mtu mzima wa afya akilala hujigeuza mwenyewe bila kujua. Mama hawezi. Mfupa unabana nyama, damu haipiti, nyama inakufa. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Mlaze kushoto, kisha chali, kisha kulia. Weka mto katikati ya magoti. Shuka iwe kavu, isiwe na mikunjo. Na ngozi ikianza kuharibika, usiisugue. Ukiisugua unaipasua kwa ndani."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuumiza?"

Muuguzi hakumdanganya. "Ulikuwa hujui. Hakuna aliyekufundisha."

Maneno hayo hayakumfariji. Tangu siku hiyo walimgeuza mama kwa zamu, hata kaka naye. Lakini walikuwa wamechelewa. Kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Homa kali ikaja, mama akapelekwa hospitali, na siku ya sita akafariki.

Baada ya maziko Mama Pacha hakutaka kuona watu. Alikaa kwenye kitanda kitupu, akiitazama mikono yake. Alimpenda mama yake sana, na mapenzi hayo hayakumsaidia kitu.

Muuguzi alikuja kumpa pole tena.

"Zahanati inafundisha wahudumu wa wagonjwa wa nyumbani," alisema. "Ni miezi mitatu, kisha unapewa kazi. Njoo."

"Mimi? Niliyemchana mama yangu ngozi?"

"Wewe. Wapo wengi huko majumbani wanaosugua kama ulivyosugua. Nani atawaambia?"

Kaka hakupenda. "Kumwosha mama ni wajibu. Lakini kwenda kuwaosha watu baki?"

"Kaka, kuziba pancha tu ulijifunza mwaka mzima. Mtu je?"

Kaka akaenda kuitafuta bisibisi ambayo haikuwa imepotea.

Mama Pacha alisoma. Alijifunza kumkalisha mgonjwa kabla ya kumlisha, ili asipaliwe. Alijifunza kumwinua mtu bila kuumiza mgongo wake mwenyewe. Alijifunza kuomba ruhusa kabla ya kumgusa mgonjwa, na kuandika daftarini kila alichofanya. Somo la kumgeuza mgonjwa lilipofika, alitoka nje akalia. Kisha alirudi darasani.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa fundi cherehani mzee, aliyevunjika nyonga. Mkewe alimpokea mlangoni kwa sauti ya chini.

"Amelala vizuri. Hatujamsumbua tangu asubuhi."

Mama Pacha aliomba maji. Alinawa mikono, akaingia.

"Shikamoo, mzee. Naomba niguse miguu yako."

"Marahaba. Gusa, ila usinipime suruali," mzee alisema.

Ngozi yetu nyeusi haionyeshi upesi wekundu wa kidonda kinachoanza, kwa hiyo alitumia vidole. Kisigino kimoja kilikuwa na joto, tena kigumu.

"Acha nikisugue kwa mafuta," alisema mke wa mzee.

"Hapana, mama. Tusikisugue."

Aliweka mto chini ya muundi wa mguu, kisigino kikabaki hewani. Kisha alimwonyesha mama huyo jinsi ya kumgeuza mumewe bila kuibana nyonga. Wote wawili walimgeuza pamoja. Mzee alilalamika kidogo, kisha akashusha pumzi.

Walifanya hivyo kila baada ya saa mbili. Siku ya nne Mama Pacha aligusa tena kile kisigino. Kilikuwa laini, hakina joto. Alikigusa mara ya pili ili awe na hakika, na machozi yakamtoka.

"Mbona unalia, mwanangu?" aliuliza mke wa mzee. "Si kimepona?"

"Ndiyo, mama," alisema. "Kimepona kwa siku nne tu."