Gari Linalovuta Kushoto

Jua lilikuwa linazama Digrii alipobeba kisanduku cha spana kwenda kutengeneza gari ambalo mjomba wake alilikataa mara tatu.

Jina la Digrii alipewa na mjomba huyohuyo, na halikuwa sifa. Kijana alisomea uhandisi wa mitambo miaka minne, kisha akasomea kungoja miaka mingine minne. Sasa alikuwa anafunga breki kwenye gereji ya mtu aliyeishia darasa la saba, mtu anayepima vyuma kwa kidole kama mpishi anayeonja mchuzi. Bushi ikitoka, ile pete ndogo inayoshika shafti isicheze, mjomba huichomeka kidoleni, huizungusha, hufumba macho, halafu hutangaza, "Imeliwa." Digrii hugeukia ukutani asicheke. Huo ndio uhandisi wenyewe. Chuo kifungwe.

"Lile gari sikulikataa kwa uvivu," mjomba alimwambia mchana ule. "Ile bushi ya shafti ya usukani si ya dukani. Kuna mtu aliifunga kwa mikono yake."

"Mjomba, bushi ni bushi."

"Haya, Injinia. Kesho si ndiyo usaili wako? Kaa nyumbani upige pasi shati."

Ndiyo, usaili. Hatimaye. Baada ya maombi mia mbili na ushee, baada ya kila ofisi kumwandikia ileile we regret to inform you, tunasikitika, kana kwamba zote zina karani mmoja, kampuni ya mji wa jirani ilikuwa imemwita. Basi linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Likimwacha, hakuna wa kumwita tena. Mwakani angekuwa amepita umri wanaoutaka. Kwa hiyo kesho alikuwa anaondoka, na kabla ya kuondoka alitaka kumwonyesha mzee yule tofauti ya shule na porojo.

Nyumba ya mjane mwenye gari ilikuwa ya mwisho mtaani, mkono wa kushoto, geti la kijani. Gari lilikaa chini ya kibanda cha bati: gari dogo la zamani, rangi ya maziwa, kromu iking'aa kuliko maisha ya yeyote mtaani pale. Mjane alikuwa mama mwembamba, mpole, mwenye nywele nyeusi ti licha ya umri wake.

"Linavuta kushoto," alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa akishika njia ya kulia, linamrudisha nyumbani. Miaka thelathini."

"Ni plei tu, mama. Bushi imekwisha, shafti inacheza. Hiyo ni fizikia."

"Sawa, baba. Uitoe kwa koleo. Usiitie mkononi. Na ukishaitoa, unirudishie mimi mwenyewe."

Mwingine huyo wa porojo. "Sawa, mama," Digrii akajibu, kwa sauti wanayojibiwa wagonjwa wa akili.

Mjane akaingia ndani.

Digrii alichuchumaa mlangoni mwa gari, kiti cha dereva kitupu mbele ya uso wake. Akafungua nati ya katikati, akauvuta usukani, akautoa. Akaitikisa shafti.

Kre... kre...

Plei. Kama alivyosema. Akaingiza koleo kwenye mdomo wa bomba la usukani, akavuta. Kitu kikagoma, kikagoma tena, kikatoka ghafla na kumwangukia kiganjani.

Alitarajia nailoni, au shaba. Ilikuwa pete ya vitambaa vilivyosokotwa, imelowa grisi hadi ikawa ngumu kama pembe. Na katikati ya vitambaa, mzunguko juu ya mzunguko, kulikuwa na nywele.

Ndefu. Nyeusi ti.

"Washamba," akasema kwa sauti.

Mfukoni alikuwa na bushi tatu mpya za nailoni, saizi tatu. Ilibidi apime ya zamani ili achague. Akatoa vernia, kipimo chake cha kidijitali, mali pekee ya maana aliyotoka nayo chuoni. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Betri ilikuwa imekufa. Mwanga nao unamwishia, na kesho safari.

Akatazama nyuma kuhakikisha mjomba hayupo kumwona.

Akaichomeka kidoleni.

Ikamkaa. Haikubana, haikulegea. Ikamkaa kama iliyokatwa kwa ajili yake.

Ndipo kiti kilipolia.

Springi za kiti cha dereva, kile kiti kitupu mbele ya uso wake, zilipanda juu polepole... moja... moja... kama vile zinavyopanda mtu mzito anaponyanyuka. Kitu kikampita shavuni. Harufu ya jasho la mwanamume mzee, na mafuta ya nywele.

"Asante... kijana."

Mnong'ono. Sikioni kabisa.

Digrii akaanguka kwa makalio. Akaivuta ile pete. Ikakataa, akaizungusha, ikatoka na ngozi kidogo. Akakaa chini anahema, na taratibu elimu ikamrudia. Springi kuukuu. Njaa. Woga wa usaili. Chuo kizima, na bado anatishwa na kiti! Akajicheka kwa dharau ileile aliyozoea kuwacheka wengine, akachagua bushi kwa jicho, akaipaka grisi, akaigonga taratibu mpaka ikaketi, akarudisha usukani.

Alilizungusha gari mtaa mzima. Lilinyooka kama rula. Aliachia usukani kabisa, mikono hewani, na halikuyumba.

Mjane alikuwa anamngoja getini. Akapokea bushi ya zamani ndani ya kitambaa, akainusa. Kisha akatazama kidole cha Digrii, penye duara jekundu.

"Ameaga?"

"Nani, mama?"

"Aliyekuwa amekaa."

Digrii akakificha kidole mfukoni.

"Nenda ukapumzike, baba," mjane akasema. "Chai huwa naiweka mezani saa kumi na mbili na robo."

Akiwa njiani alimpigia mjomba. "Limenyooka! Uchawi wenu umekwisha."

Mjomba akashusha sauti. "Mpwa wangu... uliipima kwa kitu gani?"

Digrii akakata simu.

Alfajiri alivaa shati jeupe, akaweka vyeti kwenye faili la plastiki, akapanda bodaboda. Stendi ni kulia, kwenye njia panda kubwa. Hata mbuzi anajua. Bodaboda ikakata kushoto.

"We! Unakwenda wapi?"

"Sielewi, bosi. Hendo inavuta..."

"Kichwa chako ndicho kinavuta. Simamisha!"

Akashuka, akatembea. Kulia, kisha kulia tena, stendi. Kidole kilikuwa kinapwita kwa mdundo anaoujua. Kre... kre... Akahesabu hatua ili asisikie. Alipofika mia tatu alitazama saa ya simu.

Saa kumi na mbili na robo.

Akainua uso.

Geti la kijani lilikuwa wazi. Mezani barazani, vikombe viwili vilikuwa vinafuka moshi. Kimoja kilikuwa kikubwa, cha kiume, mkono wake umeungwa kwa gundi.

"Nilikuambia usiitie mkononi. Anayeivaa ndiye anayekaa," mjane alisema. Hakuwa na hasira. Wala hakuwa na huruma.

Kule stendi honi ikalia, ndefu, mara mbili. Digrii akageuka, akakimbia kwa nguvu zake zote, faili kifuani. Kulia. Kulia. Akabadili, kushoto. Akanyoosha. Na kila mtaa ulipokwisha, geti la kijani lilikuwa palepale, mkono wa kushoto.

Siku hizi gereji ile haiingizi bushi kidoleni. Mjomba amenunua vernia, ameifunga kamba shingoni, na hataki mtu amwulize kwa nini. Kila Jumapili huenda hadi nyumba ya mwisho, anasimama nje ya geti, hakanyagi ndani. Huchungulia kati ya nondo za geti kumwona mpwa wake chini ya kibanda cha bati, shati jeupe, anafuta kromu.

"Mwanangu, twende nyumbani."

Digrii hunyanyua kichwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hana dharau yoyote usoni. Hutabasamu kwa adabu.

"Kesho, mjomba. Kesho nina usaili."