Kikapu cha Kichochoroni

Aliyenisimulia haya ni Assunta, rafiki yangu tuliyekua naye jengo moja hapa Napoli, na si mtu wa kutunga maneno.

Ilikuwa Agosti, jua linachoma utosi, naye anamtembeza binamu yake Ruggero aliyetoka Torino. Kanisa hili, kanisa lile, sanamu, tena sanamu. Walipotaka kula wakakuta kila mlango umefungwa. Wenye mikahawa wote wamekwenda zao ufukweni.

"Si nilikwambia tule mapema?" Assunta akafoka. "Wewe na masanamu yako."

"Mji mzima umelala, halafu kosa langu?"

Wakakatiza kichochoro chenye giza mchana kweupe. Assunta akapaza sauti kwa hasira, "Hivi huku hakuna hata mtu mmoja wa kutulisha?"

Juu yao kapi la kamba likalia, kwii, kwii. Kikashuka kikapu, kama sisi wa ghorofani tunavyovishusha madirishani kila siku, mwenye duka aliye chini atutilie mkate. Ndani mlikuwa na sahani ya tambi zilizokaangwa kwa mayai, za moto.

"Asante, mama," Assunta akaita. Wakala mpaka wakalamba vidole, kisha Assunta akarudisha sahani kikapuni, akavuta kamba. Kikapu kikapanda, wakakifuata kwa macho. Dirisha kilikotoka lilikuwa limezibwa kwa matofali yaliyoota kuvu. Kikapu kikafika pale, kikapotea, kapi likanyamaza.

"Twende zetu," Ruggero akanong'ona.

Kwii, kwii. Kikapu kikashuka tena, kitupu, kikasimama mbele ya kifua cha Assunta. Kisha kamba ikatikiswa mara mbili, kama tunavyofanya sote tukichoka kungoja mtu wa chini atie kitu.