Ncha ya Tatu

Plagi tupu haiwaki. Ni kipande cha plastiki chenye matundu manne, hakina taa, na hata ukiilia machozi haitawaka. Su-yueh alikuwa akiunda kompyuta tangu ujana wake katika soko moja la chini ya ardhi mjini Hsinchu, kwa hiyo alipoona mwanga wa buluu kwenye ncha isiyo na kitu, aliyasugua macho yake na kuyalaumu. Mgongo ulimuuma, shingo ilimuuma, na ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya jadi, mwezi ambao milango ya wafu iko wazi na walio hai wanachoka bila sababu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mteja alitaka feni mbili za taa za rangi, na ubao mkuu wa kompyuta ulikuwa na tundu moja tu la taa hizo. Asubuhi Su-yueh alichomeka waya wa mgawanyo, mdomo mmoja kwenye ubao, ncha tatu upande wa pili. Chochote kinachopita mdomoni hufika kwenye kila ncha vilevile, kwa mpigo mmoja. Ncha mbili zilienda kwenye feni, ya tatu ikabaki inaning'inia. Siku nyingine angeifunika kwa utepe na kuificha, lakini utepe ulikuwa mbali naye alikuwa ameshakaa.

"Nipe utepe, mzee," alimwambia mumewe, Teng-fang.

Teng-fang alikuwa nje ya mlango wa duka, anapanga meza ya sadaka: wali, bia, biskuti, na beseni la maji lenye taulo safi ili ndugu wema, kama tunavyowaita wageni wa mwezi ule kwa woga, wanawe uso.

"Iache hivyohivyo, bosi. Atakayekuja amechoka atakaa hapo."

"Mdomo wako huo! Mwezi wa saba unaleta utani?"

"Si nimetania tu? Wewe nawe!"

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliolala vibaya, na utepe ukasahaulika.

Mchana soko lilizima taa, kama kila siku, watu wakalaza vichwa mezani kwa usingizi wa mchana. Teng-fang aliingia, akakaa kando ya mkewe, akasinzia mara moja. Ndipo Su-yueh alipoiona ile plagi. Iliwaka, ikafifia, ikawaka tena. Kisha akanusa taulo lililolowa, taulo la mtu aliyetembea njia ndefu yenye vumbi, na harufu haikutoka kwenye beseni kule nje bali ndani ya kasha la kompyuta, na alipoinama anuse vizuri akasikia pumzi ya mumewe ikikwama, akageuka, akaona kwamba kila plagi ilipowaka kifua cha Teng-fang kilishuka, na ilipofifia ndipo naye alipoiba hewa kidogo, haraka, kama mtu anayekula chakula cha mwenzake kabla hajarudi.

Akang'oa waya wa umeme ukutani. Plagi ikaendelea kuwaka.

"Mzee! Amka, mzee!"

Midomo ya Teng-fang ilikuwa imegeuka buluu. "Kuna mtu," alinong'ona, "kanikalia kifuani."

"Anakufanya nini?"

"Hanifanyi kitu. Anapumzika."

Su-yueh alimpigia Shangazi Liao, mganga wa hekalu dogo nyuma ya duka la tambi. Alikuja na ndala, akilalamikia joto. Alipoitazama ile ncha aliacha kulalamika.

"Nani alimkaribisha?"

Su-yueh alimnyoshea mumewe kidole.

"Basi mumeo anapumua kwa ajili ya wawili. Pumzi ya mtu mmoja haitoshi."

"Atakufa, shangazi?"

"Ukisimama hapo kuniuliza, ndiyo. Chomoa huo waya wa ncha tatu, kautie kwenye beseni, umwambie kikao kimekwisha. Useme hivyo tu. Na usimhurumie, unanisikia? Hawa ukiwaonea huruma hawaendi."

Waya ulikuwa na joto, kama mkono ulioshikwa muda mrefu. Su-yueh alitoka nao nje, akautumbukiza majini.

"Kikao kimekwisha."

Taulo likazama taratibu, kana kwamba uso umelilalia, na kutoka majini ikapanda pumzi ndefu ya kukata tamaa. Aliijua pumzi ile. Ni yake mwenyewe, ya kila asubuhi anapoamka kwenda kazini.

"Pole," alisema kabla hajajizuia. "Hata mimi nimechoka."

Ndani, Teng-fang alikohoa, akavuta hewa hadi tumboni, akaulizia chakula. Su-yueh alilia kwa furaha. Alifunga feni zile kwa waya mpya wenye ncha mbili tu, na ile pole hakumwambia mtu.

Kesho yake mchana, taa zilipozimwa, alikaa akimsikiliza mumewe akipumua vizuri, moyo wake umetulia. Alichelewa kugundua kwamba mumewe anapumua pamoja naye, anavuta anapovuta, anashusha anaposhusha. Chini ya meza, kati ya magoti yao, kulikuwa na pumzi nyingine, yenye harufu ya taulo bichi, kwa mpigo uleule.

Akabana pumzi.

Kifua cha Teng-fang kikasimama. Ile ya chini ya meza nayo ikasimama, ikingoja.

Alibana mpaka masikio yakavuma, akaona midomo ya mumewe inaanza kugeuka buluu, akaachia. Wakapumua wote.

Tangu hapo Su-yueh halali. Teng-fang humtania kwamba uzee umemharibia usingizi, naye hutabasamu, kwa kuwa kucheka kunaharibu mpigo. Anakaa gizani, amechoka kupita maneno, anavuta hewa taratibu na kuishusha, bila kukosea, kwa ajili ya watu watatu.