Fundi Aliyewajibia Watu

Fundi alikuwa na cherehani kumi na mbili, mume mmoja, na wasichana arobaini na mmoja ukutani. Ukutani, maana yake picha. Kila msichana aliyemaliza kujifunza kushona alipigwa picha na gauni lake, ikabandikwa. Mafunzo yalikuwa bure. Faida ya sare za shule walizouza ndiyo iliyoyalipia.

Picha ya kwanza ilikuwa ya binti yao. Aliondoka miaka mitatu iliyopita, baada ya maneno makali na mama yake, na hakupiga simu tena. Kila asubuhi mama aliifuta vumbi, hata kama vumbi halikuwapo. Mumewe alimwambia ataitoboa. Jioni yeye naye aliifuta, akidhani haonekani.

Jirani yao alikuwa karani wa takwimu katika zahanati. Siku moja akauliza wasichana wale wanaishije sasa. Fundi akamwonyesha ukuta.

"Hiyo ni hesabu ya waliotoka, dada," karani alisema. "Mimi nauliza kilichowapata baada ya kutoka."

Akamtengenezea dodoso kwenye simu, la maswali machache. Unashona? Kipato kinakutosha? Nini kinakukwamisha? Tukupigie? Kila msichana atumiwe lake, ajibu mwenyewe. Asiyetaka aachwe.

Kesho yake majibu yote arobaini na moja yalikuwa yamefika. Wote wanashona. Wote kipato kinawatosha. Hakuna aliyekwama. Mume wa fundi alisema hata mbinguni lazima kuna wawili watatu wanaolalamika.

Karani akatazama saa za majibu. Dodoso huonyesha jibu limetumwa lini, na kwa simu ipi. Haya yote yalitoka simu moja, asubuhi moja.

"Dada, umewajibia."

"Nimewafundisha mimi. Nawajua."

"Na huyu wa kwanza ukutani? Nani kakwambia anashona?"

Fundi alikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Nilitaka iwe hivyo," alisema.

Karani hakumcheka. Alimweleza kwamba kutaka si kosa, ila ukiwajibia watu, simu inapima hamu yako, haipimi maisha yao. Na jibu baya ndilo linaloonyesha pa kurekebisha. Wakafuta yote, wakatuma upya.

Safari hii majibu yalidondoka kama maji ya mgao. Baada ya wiki mbili waliojibu walikuwa thelathini. Kumi na tisa wanashona. Kumi na mmoja hawashoni, na tisa kati yao waliandika jambo moja: sina cherehani. Fundi akageuka kutazama cherehani zake nne zilizolala chini ya shuka mwaka mzima. Alikuwa amefundisha watu kuogelea, kisha akawaaga jangwani.

Jibu la thelathini lilikuwa la binti. Unashona? Hapana. Nini kinakukwamisha? Sina cherehani. Tukupigie? Baadaye.

Mama alilisoma neno hilo la mwisho mpaka mwanga wa simu ukazimika mkononi.

"Baadaye si hapana, mama watoto," mumewe alisema, na siku hiyo hakuongeza mzaha.

Wakaamua kuziazimisha zile nne, waliomaliza zamani zaidi watangulie. Binti ndiye aliyemaliza wa kwanza, kwa hiyo wenye midomo hawakupata la kusema. Cherehani ikapelekwa na mwenye mkokoteni. Mama alitamani kupanda mkokoteni huo, akajizuia. Hakuwa ameitwa.

Miezi sita ikapita. Wakatuma maswali yaleyale, ili waone kilichobadilika. Kati ya wanne walioazimwa, watatu sasa wanaishi kwa kushona. Wa nne, cherehani yake ilikuwa imeharibika, na fundi akaenda kuitengeneza siku hiyohiyo. Asingeuliza, asingejua.

Binti alikuwa miongoni mwa wale watatu. Tukupigie? Ndiyo. Saa tano asubuhi.

Kuanzia saa tatu mama aliketi na simu mapajani. Mteja akaja kupimwa, akaambiwa mwili hautabadilika kwa siku moja, arudi kesho. Saa tano akapiga, ikapokelewa.

Upande wa pili akasikia cherehani inakwenda mbio. Kisha ikasimama.