Kicheko Kilichotangulia

Kicheko kilikuja kabla ya kichekesho.

Mugalula ndiyo kwanza alikuwa anasema, "Huko nchi za mbali kuna mnyama ambaye," mtu akacheka ndani ya hedifoni. Kilikuwa kicheko kizito cha tumboni, cha mtu aliyekwisha kufika mwisho wa habari. Zawedde, mtangazaji mwenzake, alimtazama kutoka upande wa pili wa meza. Mugalula naye akamtazama. Studio walikuwa wao wawili tu.

"Ambaye mavi yake yana pembe nne," Mugalula akamalizia. "Kama tofali. Ukitaka kujenga choo, nusu ya kazi ameshakufanyia."

Zawedde akacheka, maana ndiyo kazi yake, akaweka tangazo la mabati. Mji mzima wa Masaka ulikuwa unasikiliza: wauza nyama, mama wa chapati, vijana wa bodaboda waliofunga redio kwenye usukani. Kila asubuhi Redio Matulutulu iliwapa kipindi cha *Dunia Imevimba*, na bila kipindi hicho chai haikumshuka mtu kooni.

Halafu ikaja harufu. Senene, panzi wa kijani wa msimu, wanakaangwa, kwa kitunguu na chumvi, mafuta yakitoa povu. Hakuna pua Masaka isiyoijua harufu hiyo. Lakini ulikuwa mwezi wa Agosti, na senene wa Masaka huanguka Novemba.

"Nani anakaanga senene saa hizi?" Zawedde aliuliza, maikrofoni zikiwa zimezimwa.

Mugalula alikwenda kufunga dirisha. Yeye ni wa ukoo wa Senene, na mtu wa ukoo huo hamli mdudu yule hata akifa njaa.

Wapo watakaosema ni mitambo. Waseme. Mitambo hainuki senene.

Mambo yalianzia Novemba iliyotangulia, na mji wote ulikuwa shahidi, kwa sababu mji wote ulicheka. Siku ile mada ilikuwa vyakula vya ajabu duniani. Mugalula akaagiza sahani ya senene, akaisogeza karibu na maikrofoni, akatafuna. Kru, kru, kru. Simu zikalipuka.

"Ssebo, wewe si wa ukoo wa Senene? Unamtafuna ndugu yako?"

"Ukoo umeninyima utamu miaka yote," Mugalula akajibu, mdomo umejaa. "Leo nauacha hapa hapa hewani. Anayeutaka auchukue."

Hapo alikosea, na ninasema wazi kwamba alikosea. Kwetu mtu akikutana na mgeni hutaja baba yake, babu yake, na waliomzaa babu, mpaka afike kwenye kilima walikolala. Ukishindwa kuyataja hayo, wewe ni sauti tu. Watu hutaniana kwa koo zao tangu asubuhi hadi jioni, lakini hakuna anayeugawa ukoo wake.

Simu iliyofuata ilikuwa ya mtu mwenye sauti ya taratibu, na nyuma yake kitu kilikuwa kinachakarika.

"Mimi nautaka," akasema.

"Chukua, bwana, na mabawa yake."

"Nimechukua." Simu ikakatika.

Walicheka na hilo pia. Yule mchukuaji hakuwa na haraka.

Sasa, Agosti, baada ya kicheko kile, sauti ya Mugalula ilianza kupungua. Kwanza ilikauka, akasema ni mafua. Kisha majina yakaanza kumtoka: jina la mtaa, jina la mwalimu wake, jina la baba yake mzazi. Asubuhi moja mama yake, aliyempikia katogo ya ndizi kila siku, alimfungulia mlango, akasimama na mwiko mkononi, akamuuliza kwa heshima zote, "Unamtafuta nani, ssebo?"

Alikuja kazini bila kula. Taa nyekundu ikawaka. Akafungua mdomo kuwaamkia watu, na kilichotoka kilikuwa mlio wa mabawa yaliyofungiwa ndani ya gunia.

Hapo hapo, kwenye hedifoni, sauti ya Mugalula ikaiamkia Masaka.

Ilikuwa sauti yake hasa, ya zamani, nzima, yenye mzaha, ikasimulia kwamba pweza ana mioyo mitatu na bado hajui kupenda, ikawasalimu wauza nyama kwa majina, na huku Mugalula mwenyewe amekaa mbele ya Zawedde, midomo imefungwa, mikono imeshika meza, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na ile harufu ya mafuta imejaa chumbani kiasi kwamba ukilamba midomo unaonja chumvi.

"Zawedde, mbona kimya?" sauti ikauliza. "Umemeza ulimi?"

 Zawedde ni mtoto wa muuza mkaa, hajazoea kufukuzwa kwenye kiti chake.

"Nakusubiri umalize," akasema. "Pweza wako amechacha."

Kipindi kilipokwisha alikwenda moja kwa moja kwa Kayondo, meneja wa kituo.

"Sauti ipo, wasikilizaji wapo, matangazo yapo," Kayondo alisema. "Tatizo ni nini?"

"Ile si sauti yake, bosi. Mtu anafutwa pale. Mama yake mzazi hamjui."

"Kama si yake, ni ya nani?"

"Hilo nitaliuliza hewani."

"Hewani hapana," akasema Kayondo. Lakini naye alikuwa ameisikia harufu, akaleta mganga. Mganga alikuja na gome la mti na kibuyu, akakaa kwenye kiti cha studio, akaanza kunuiza. Sauti ikamkatiza kwa upole, mji mzima ukisikia: "Habari ya ajabu, Masaka. Mganga mmoja amechinja mbuzi mmoja kwa wateja wawili, na nyama kala yeye." Mganga alikusanya vitu vyake. Kibuyu alikisahau.

Jioni ile Zawedde akapanda pikipiki hadi Kyotera kwa Senga Nanyonga, dada wa baba yake Mugalula. Alimkuta uani anatwanga karanga, redio ndogo iko juu ya kinu cha pili.

"Nilimsikia asubuhi," Senga alisema bila kuinua macho. "Yule si wetu. Mugalula tangu mdogo hawezi kumaliza kichekesho bila kujichekea katikati. Huyu anacheka mwanzo."

"Atasaidiwaje, Senga?"

"Alipomtafuna senene nilizima redio. Sikumsamehe, na leo simsamehe." Akatwanga. "Lakini kutomsamehe ni jambo moja, na kumwacha achukuliwe ni jambo lingine. Ukoo aliutupa wapi?"

"Hewani."

"Basi utaokotwa hewani. Na hatuendi kumbembeleza mtu. Kitu chako kikiibwa unakwenda kukidai."

Asubuhi Kayondo aliwakuta mlangoni, akanyoosha mkono kuwazuia. Senga alimtazama tu. Mkono ukashuka.

Waliingia watatu, Zawedde, Senga na Mugalula. Mugalula alikaa pale alipoelekezwa, kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Taa nyekundu ikawaka.

"Habari za asubuhi, Masaka," alisema Zawedde. "Habari ya ajabu ya leo ni ya humu humu. Kuna mwizi studio, tena ana adabu, kila siku anatuamkia."

Kicheko kilikuwa kimeshaanza kabla hajafika nusu.

"Zawedde," sauti ikasema, "leo umekula nini?"

"Nimekula woga wangu wote, umekwisha. Taja ukoo wako."

"Nani asiyenijua? Mimi ni Mugalula, wa ukoo wa Senene." Ikamtaja baba. Ikamtaja babu. Ikamtaja aliyemzaa babu, jina baada ya jina, bila kukosea, na kwa kila jina lililotoka Mugalula alizidi kupauka, mpaka Zawedde akadhani anaona kiti kupitia mwili wake.

Senga akaivuta maikrofoni. "Wamelala wapi?"

"Kilimani."

"Kilima hata mgeni anakiona. Tulipomzika babu yako, mimi nilikuwepo. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyekosa. Wewe ulisimama wapi?"

Hedifoni zikajaa mabawa tu.

"Nakuuliza tena. Ulisimama wapi?"

Ndipo sauti ikaacha kuwa ya Mugalula, ikawa nyingi, nyembamba, zinachakarika ndani ya hedifoni na ndani ya kuta na chini ya meza, harufu ikapanda mpaka macho yakawasha, dirisha likajaa giza la vitu vidogo vinavyojigonga kwenye kioo ingawa nje jua lilikuwa linawaka, na kutoka katikati ya mchakacho huo likaja neno moja moja, taratibu, kama mtu anayesoma taarifa: habari ya ajabu, mtangazaji wa kike mjini Masaka amekutwa kitini, macho wazi, hajui ni nani, hajui aliingia lini, na mama yake akiletwa hatamtambua.

Zawedde alihisi jina lake linalegea, kama jino. Akalikamata.

"Hiyo haichekeshi," akasema. "Unaiba sauti ya mchekeshaji halafu huna hata kichekesho kimoja cha kwako. Wa ukoo wa Senene mnaonisikia, simu ziko wazi. Ndugu yenu anachukuliwa. Mlisimama wapi?"

Senga akaanza kupiga meza kwa viganja, mdundo wa ngoma ya ukoo wao. Simu ya kwanza ilikuwa ya muuza nyama wa sokoni. Alimtaja baba yake, akamtaja babu, akasema, "Mimi nilisimama kichwani pake. Jembe lilikuwa langu." Akafuata mama mmoja wa Lwengo: "Nilisimama na wanawake, chini ya mgomba uliolala. Mugalula ni wetu." Akafuata dereva wa bodaboda, injini inanguruma. Walipiga waliokuwepo, wakapiga na ambao hawakuwa hata wamezaliwa, wakasema walikosimama mama zao. Wengine walikuwa na hasira, wakamtukana Mugalula kwanza ndipo wakamtaja kuwa ndugu. Mabawa yakawa yanatafuta mahali pa kupita katikati ya majina yale, hayapati.

"Miguuni."

Zawedde akageuka. Mugalula ndiye aliyesema, kwa koo kavu, macho yamemtoka.

"Nilisimama miguuni pake," akarudia. "Mvua ilikuwa inanyesha. Mjomba aliteleza akakalia matope, mimi nikacheka. Senga akanichapa."

"Na nyumbani nikakuchapa tena," alisema Senga.

Mugalula akacheka katikati ya kilio. Hedifoni ikatoa mlio mkali, harufu ya mafuta ikageuka harufu ya kitu kilichoungua, kisha ikaisha. Dirisha likawa na jua. Chini yake, kwenye sakafu, palikuwa na bawa moja la kijani, nalo Senga alilifunga ndani ya kitambaa, hakusema anakwenda kulifanyia nini. Mlangoni alisimama.

"Bado sijakusamehe," alimwambia Mugalula. "Mama yako anakusubiri na katogo. Nenda ukale."

Kesho yake kipindi kilirudi kama kawaida. Mugalula alisimulia habari ya mnyama wa mavi ya pembe nne, akajichekea katikati, akaharibu utamu, akamaliza. Zawedde akacheka. Wakatega masikio.

Mbali sana, nyuma ya mchakacho wa mawimbi, mtu mwingine naye akacheka. Safari hii alisubiri mpaka mwisho. Alikuwa amejifunza.

Mugalula akakunja ngumi. Zawedde hakukunja kitu. Akavuta maikrofoni karibu na mdomo wake.

"Wewe uliyecheka huko nyuma," akasema. "Taja ukoo wako."

Kimya.

"Nilijua," akasema Zawedde, akafungua habari inayofuata.