Bendera ya Vanuatea

Kila asubuhi Rovina Tari aliamshwa na nguruwe. Majogoo walikuwepo pale kijijini Labulivatu, tena wengi, lakini nguruwe wa baba yake wakishaanza kudai chakula hakuna aliyepata usingizi tena. Rovina aliwakunia nazi, akawamwagia kwenye gogo lao lililochongwa, kisha akampa chakula chake cha peke yake yule dume mzee mwenye meno yaliyojikunja duara. Dume huyo ndiye aliyekuwa utajiri wa nyumba nzima. Baba alimlea tangu Rovina hajaanza kutembea, na mgeni yeyote aliyefika alipelekwa kwanza kumwona nguruwe, ndipo akakaribishwa magimbi.

Baada ya hapo Rovina alinawa, akala kipande cha shelisheli ya kuchoma, akashika njia ya shule.

Siku hiyo Mwalimu Kalsau aliingia darasani akitabasamu peke yake. Yeye alikuwa mtu wa kisiwa cha Efate, mgeni katika kisiwa hiki cha Pentekosti, na masomo yake ya historia hayakuisha maajabu.

"Leo tutaigeuza historia," alisema. "Tuseme meli za wageni zilichelewa kufika. Tuseme kabla hazijafika, visiwa vyetu vyote vilikuwa vimeshakaa chini na kuwa nchi moja. Nchi hiyo ingeitwaje?"

Darasa likachemka. Kila mtu alitaka jina lake. Walibishana mpaka wakapiga kura, na nchi ikaitwa Vanuatea.

"Haya, nchi tunayo," alisema Mwalimu. "Bendera je? Kila mmoja achore ya kwake, na aweze kunieleza kila rangi na kila alama. Itakayoshinda itashonwa na mama zenu, nasi tutaipandisha Siku ya Watoto mbele ya kijiji kizima."

Lo! Rovina aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Na alikuwa na sababu. Kaskazini mwa Pentekosti, nakshi za mikeka myekundu hutoka kwa mama kwenda kwa binti, au kwa mtu aliyeziomba kwa heshima zote. Mama yake Rovina alitoka Tanna, kisiwa cha mbali. Alikuja hapa na nguo zake na kicheko chake, hana hata nakshi moja. Wasichana wenzake walimtania Rovina kila mara: "Mikeka yenu mitupu kama uso wa samaki!" Yeye alicheka nao, lakini moyoni ilimuuma. Bendera yake ikipanda juu, nani angethubutu tena?

Alichora mnazi, akaufuta. Akachora jino la nguruwe, akakumbuka kwamba wenzake wote wamechora jino la nguruwe. Rangi alizipata: samawati juu kwa bahari, nyeusi chini kwa udongo. Katikati pakabaki wazi.

Jumamosi alikwenda, kama kawaida yake, kumsaidia Bibi Elda kutia mikeka rangi. Bibi Elda alikuwa bibi yake Jelson, rafiki wa Rovina darasani, na hakuna mwanamke aliyemzidi kwa kazi hiyo. Rovina alichochea moto huku Bibi akikoroga mizizi ya rangi na kunung'unika juu ya kuni mbichi. Bibi alipotoka kuita mtu wa kumletea maji, Rovina alitupa macho juu. Pale darini, juu ya moshi, palining'inia ganda la mgomba, kiolezo cha kutilia mkeka rangi, lililokatwa nakshi ambayo hajawahi kuiona: mistari iliyotoka pande zote, ikakutana katikati bila hata mmoja kuukata mwingine. Visiwa vyote vinakutana! Ndiyo hii hii aliyokuwa akiitafuta.

Alijua kabisa kwamba nakshi ya mtu haiguswi. Lakini alijiambia kwamba yeye hafumi mkeka, anachora karatasi tu. Tena ataigeuza juu chini na kuipaka manjano. Itakuwa nakshi nyingine.

Jumatatu Mwalimu Kalsau aliiinua karatasi yake juu. "Jamani, tazameni! Rovina, alama hii umeitoa wapi?"

"Kichwani mwangu, Mwalimu," Rovina alijibu haraka.

Darasa lilimpigia makofi, na bendera yake ikashinda ile ya mwenzake Meriana, iliyoshika nafasi ya pili. Rovina alikaa na raha ile mpaka mapumziko, Jelson alipomvuta kando ya tangi la maji.

"Ile ni ya bibi yangu," alisema Jelson.

"Ya bibi yako nyekundu. Yangu manjano."

"Wee! Ukimpaka chokaa nguruwe wa jirani, anakuwa wako?"

"Punguza sauti, Jelson! Kwani nani atajua?"

"Kina mama wanaoshona, kwa mfano. Wana macho wale! Na ikipanda mbele ya chifu bila ruhusa, baba yako atatozwa nguruwe. Unadhani watamchukua yupi? Yule mwembamba?"

Rovina alifumba macho. Alimwona dume mzee akiburutwa kwa kamba kutoka uani, na baba amesimama kando akimtazama. Chakula cha mchana kilimshinda. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa imeishia hapo penye tangi.

Jioni ile, kabla kitambaa hakijafika kwa washonaji, alikwenda kwa Bibi Elda peke yake. Bibi alikuwa akipasua majani ya mkadi, yale ya kufumia mikeka, kwa ukucha wa kidole gumba.

"Bibi, nimeiba," alisema Rovina, na machozi yakamtangulia. Alieleza yote: ganda la mgomba, manjano, makofi, na uongo aliomwambia Mwalimu.

Bibi Elda alimalizia jani alilokuwa akipasua. Aliponyanyua uso, Rovina aliona kwamba hakukasirika kama alivyotegemea. Alikuwa ameumia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ile alinipa mama yangu akiwa kitandani, hawezi tena kukaa," alisema. "Binti yangu amekwenda mjini Vila, hajaiomba mpaka leo. Miaka yote naitunza juu ya moshi isiliwe na wadudu, namngoja mtu wa kuniomba. Na wewe umeiokota kama nazi iliyoanguka njiani!"

"Nisamehe, Bibi. Nitaichana ile karatasi."

"Ukiichana umejificha tu. Uongo uliusema mbele za watu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi utaniomba mbele za watu. Uje na mkeka uliofumwa kwa mikono yako, si ya mama yako. Mimi nitakubali au nitakataa, sijui bado. Lakini bendera ikipanda bila neno langu, nakwenda kwa chifu, na baba yako anajua nguruwe gani ataondoka."

Rovina aliwaambia wazazi wake, na baba akatoka nje kwenda kumtazama dume wake. Mama alimkumbatia kwanza, ndipo akamgombeza. Asubuhi alimwambia Mwalimu Kalsau, naye akaduwaa.

"Kumbe mimi mgeni nimeshangilia mali ya mtu!" alisema. "Basi, Bibi akikataa, tutapandisha ya Meriana. Bendera zote mbili zitashonwa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mwalimu."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Rovina alikata majani ya mkadi, akayaondoa miiba, akayachemsha, akayaanika. Akafuma, akafumua, akafuma tena, vidole vikachubuka. Jelson alipita mara nyingi kumchungulia. "Huo mkeka au wavu wa samaki?" aliuliza. Rovina alimrushia ganda la nazi, naye akakimbia akicheka, kisha akarudi kumshikia upande wa pili ili upate kunyooka.

Siku ya Watoto ilifika. Uwanja ulijaa, moshi wa mawe ya moto ya kuokea chakula ukipanda nyuma ya shule. Bendera zote mbili zilikuwa zimekunjwa chini ya mlingoti. Mwalimu Kalsau alimwita Rovina, na Rovina akatembea mpaka mbele ya Bibi Elda aliyekaa katikati ya wanawake. Wasichana waliokuwa wakimtania walikuwa mstari wa mbele kabisa.

"Nilisema nakshi ya bendera yangu imetoka kichwani mwangu," alisema. "Niliongopa. Ni ya Bibi Elda Boe, aliyopewa na mama yake. Niliichukua bila kumwomba. Leo naomba."

Akautandika mkeka miguuni pa Bibi. Minong'ono ikaenea uwanja mzima, ikaisha. Baba yake alikuwa akitazama ardhi.

Bibi Elda aliuinua mkeka, akaugeuza, akauvuta. "Pembe hii imekwenda kombo," alisema kwa sauti, na watu wakacheka. "Na hapa umeruka jani." Wakacheka tena. Kisha akaukunja, akauweka begani mwake kama mwanamke anavyobeba mkeka wa heshima, na kicheko kikakatika. "Lakini ni jasho lake mwenyewe, na ameomba. Pandisheni!"

Bendera ikapanda: samawati, nyeusi, na ile mistari ya manjano ikikutana katikati. Mama yake Rovina alipiga kelele ya furaha ya kwao Tanna, akalia palepale bila kujificha.

Mwalimu Kalsau alingoja kelele zitulie. "Watoto wangu," alisema, "niliwauliza nchi ya Vanuatea ingekuwaje, mkaniletea rangi. Leo Rovina na Bibi wametuonyesha ingezaliwaje. Visiwa vyenye kuchukuliana vitu kwa siri vingepigana tu. Vyenye kuombana na kupeana vingekuwa nchi moja. Aibu ya kuomba haizidi aibu ya wizi, hata kama mwizi hajakamatwa. Na aliyekosea akasema ukweli, huyo tunaweza kuishi naye."

Watu walipoanza kwenda kwenye chakula, Bibi Elda alimshika Rovina mkono.

"Nimekupa kwa bendera tu," alisema. "Kwa mkeka sijakupa."

"Najua, Bibi."

"Unajua nini? Mtu akitaka kwa mkeka, huja akaomba tena. Tena alete mkeka ulionyooka."

Rovina alimkodolea macho. "Lini, Bibi?"

"Unangoja nife ukaniombe kaburini? Njoo Jumamosi, nikufundishe kwanza kufuma."