Gari Lisiloguna

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, Mzee Polepole aliingia katika ukumbi wa maonyesho akiwa na kitambaa chake cha kufutia gari, akakuta hakuna cha kufuta. Jukwaa la mbao lilikuwa tupu. Mlango mkubwa wa nyuma ulikuwa umetelezeshwa hadi mwisho, na huko chini, njia ya saruji iteremkayo uani inapokomea, lango dogo la nyuma nalo lilikuwa wazi. Hakupiga kelele. Alikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akaenda kumwarifu mwenye duka la magari. Utulivu huo ndio uliomponza.

Gari lililotoweka lilikuwa Korongo, jina litokanalo na ndege wa fedha asimamaye kwa mguu mmoja juu ya pua ya kila gari la kampuni hiyo. Magari ya Korongo yana sifa mbili ambazo kila mtu anazijua na ambazo karibu hakuna aliyezihakiki: kwamba hayatoi mlio, na kwamba injini zake hazifunguliwi tangu kiwandani hadi mwenye gari anapoingia kaburini. Tangazo lao la miaka yote ni maneno mawili: Korongo haliguni. Hili lilikuwa la kwanza kuletwa na marehemu mwanzilishi wa duka. Lilikuwa limekaa jukwaani miaka ishirini, boneti yake imefungwa kwa waya na muhuri wa madini ya risasi uliopigwa na wajumbe wa kiwanda kwa heshima. Siku ya pili yake, Jumanne, mtaalamu wa kiwanda alitarajiwa kuukata muhuri huo mbele ya wageni, ili watu waione injini ambayo haikuwahi kuguswa.

Kampuni ya bima ilimtuma mkaguzi wake, mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Thibitisha, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitumia zaidi maishani, pengine hata siku ya harusi yake. Alifika saa tatu. Alipokewa na mwana wa marehemu, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi akiwapo na Mrithi akishatoka.

"Mwizi tunaye," alisema Mrithi. "Polisi watamchukua saa sita."

"Ni nani?"

"Mzee Polepole, dereva wa marehemu baba. Ufunguo anao yeye tu. Jana Jumapili, duka limefungwa, alikuwa humu asubuhi. Na mwezi uliopita nilimwambia sasa apumzike, akanikasirikia."

"Ufunguo uko wapi sasa?"

"Anao yeye."

"Kwa hiyo ameiba gari, akabaki na ufunguo, kisha akawahi kazini?"

"Ndiyo ujanja wenyewe huo."

"Pengine," alisema Thibitisha. "Ukithibitika."

Alianza na jukwaa. Vipande viwili vya mbao, vile vya kuzuia magurudumu, vilikuwa vimewekwa kando, kimoja juu ya kingine, kwa adabu. Mbao za jukwaa zilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Alipiga magoti, akanusa.

"Unatafuta nini?" aliuliza Mrithi.

"Mafuta. Gari la umri huu lisilodondosha hata tone ni kama mzee asiyekohoa. Mtu huyo hasifiwi, anaitiwa daktari."

"Hujui Korongo wewe," ilisema sauti nyuma yao.

Aliyesema ni Shangazi, dada wa marehemu, mwanamke mfupi aliyenyooka kama rula, ambaye kwa miaka yote hiyo ndiye aliyewasimulia wageni historia ya gari. Alikuwa ameketi kwenye meza yake karibu na ukuta wa picha. Viti vyote vya ukumbini vilikuwa na mito ya mahameli mekundu. Cha Shangazi hakikuwa nao, na alikuwa amekalia mtandio uliokunjwa. Thibitisha alimsalimu, akageukia picha.

Katika ile ya zamani zaidi, marehemu amesimama kando ya gari jipya, na bampa ya mbele na ya nyuma zimelingana kama bahari shwari. Katika ile ya mwaka jana, pua ya gari imeinuka kwa kiasi cha kiganja.

"Mbona hapa limeinua kichwa?"

"Korongo ndivyo alivyo, mwanangu," alijibu Shangazi bila kusita. "Kadiri anavyozeeka ndivyo anavyojivuna. Wageni hulipenda sana jambo hilo."

"Na mtaalamu wa kesho?"

"Atakuja kuona jukwaa tupu. Uchungu wangu ni huo." Alijifuta jicho ambalo, kwa kadiri Thibitisha alivyoweza kuona, lilikuwa kavu.

Mlinzi wa lango kuu alimpigia saluti.

"Mimi si afande," alisema Thibitisha. "Jana waliingia nani?"

"Mzee Polepole asubuhi, kulifuta gari kama afanyavyo kila siku. Akatoka saa nne. Mchana Shangazi, kumwagilia maua yake. Mgeni, hakuna. Na hapa kwangu halikupita gari."

"Ulisikia injini ikiwashwa huko ndani?"

"Mama, lile ni Korongo. Halisikiki."

"Umewahi kulisikia likiwashwa?"

"Nitalisikiaje, na halisikiki?"

Thibitisha alikwenda karakana. Huko lilikuwapo Korongo jingine la umri uleule, la mteja, limeletwa kubadilishiwa taa. Alimwomba fundi aliwashe na kuliteremsha hadi lango la nyuma. Lilikohoa, likanguruma, likatoa moshi wa buluu, na kunguru waliokuwa juu ya bati wakahama. Alirudi lango kuu kwa mlinzi.

"Na hilo, umelisikia?"

"Hilo nimelisikia. Lakini hilo bovu."

"Ni Korongo pia."

"Basi ni Korongo bovu. Lililo zima halisikiki."

Saa nne na nusu alifika Shemeji, kaka wa mke wa Mrithi, mtu wa tumbo na kicheko, mwenye yadi ya magari ya kale na lori la kuvutia magari mabovu. Mara tatu alikuwa ameomba auziwe Korongo lile, mara tatu akanyimwa. Mrithi alimvuta Thibitisha pembeni.

"Huyu naye mtazame vizuri. Yule mzee hakuifanya kazi hii peke yake. Lori la huyu linaweza kuvuta gari kimya kimya."

Shemeji alisikia. "Shemeji, mimi nikiiba nitaiba gari lenye redio. Lile lina nini? Ndege tu!"

"Twende lango la nyuma," alisema Thibitisha. "Ulete na lori lako."

Lori lilizunguka, likafika kichochoroni, likakwama kabla vioo vyake vya pembeni havijafika langoni. Nguzo mbili za lango zingeweza kupitisha gari dogo tu. Thibitisha alisimama kati yake, akatazama nje. Kichochoro kilipanda kulia na kilipanda kushoto. Lango lilikuwa chini kabisa, kama kitovu cha bakuli. Ndani ya uzio, hatua chache kutoka hapo, kilisimama chumba cha zamani cha kupulizia magari rangi. Mlango wake wa mabati ulikuwa na kutu kila mahali, isipokuwa kwenye kufuli.

"Naondolewa katika orodha?" aliuliza Shemeji.

"Lori lako limeondolewa. Wewe unangoja."

Mzee Polepole walimfungia stoo ya matairi. Alikuwa ameketi juu ya tairi, mgongo wima, mikono magotini, kama mtu angojaye zamu yake kwa kinyozi.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Saa sita wanakuja kukuchukua."

"Nimeambiwa."

"Uliliiba?"

"La."

"Unajua ni nani?"

Mzee alitazama matairi. "Siwezi kusema, mama."

"Huwezi, au hutaki?"

"Nilimwapia mtu, na mtu huyo amekwisha kufa. Aliye hai ningemwomba anifungue. Maiti nitamwombaje?"

"Una familia, mzee?"

"Wajukuu wanne. Huwa wanasema shuleni kwamba babu yao ndiye anayelitunza Korongo." Alifuta vumbi la tairi kwa kiganja. "Leo sijui watasema nini."

"Nitakuuliza jambo moja, ambalo hukuapa juu yake. Ufunguo huu, mara ya mwisho uliutia kwenye gari lini?"

Mzee alitia mkono mfukoni. Akautoa, akamwekea kiganjani. Meno ya ufunguo yalikuwa yameshikamana kwa kutu nyekundu.

Saa tano na nusu, Thibitisha aliwakusanya wote mbele ya chumba cha rangi: Mrithi, Shangazi, Shemeji, mlinzi, na Mzee Polepole aliyetolewa stoo kwa amri yake.

"Kila mmoja hapa," alisema, "amenieleza gari ambalo hakuna aliyelisikia kwa miaka ishirini. Mlinzi hakusikia kitu, akaona ni kawaida, maana Korongo halisikiki. Mimi nimelisikia leo. Linasikika hadi kwa kunguru. Basi gari la jana halikuwashwa. Liliondolewa vile vipande vya mbao, likateremka lenyewe kwa uzito wake, na mtu mmoja akalishikia usukani."

"Likapita langoni," alisema Mrithi.

"Likapita likaenda wapi? Nje kuna mlima pande zote mbili. Lori la Shemeji halifiki. Gari linaloteremka tu hukomea hapa tulipo. Lango lilifunguliwa ili tutazame nje. Mlinzi, kata kufuli."

"Ufunguo wa kufuli hilo ulipotea zamani," alisema Shangazi upesi.

"Na kufuli lenyewe ni jipya."

Koleo kutoka karakana lilikata kufuli. Mlango ulilia. Ndani, gizani, Korongo lilikuwa limesimama na pua yake juu, ndege wa fedha akitazama dari, muhuri wa risasi ukiwa mahali pake. Mrithi alitoa sauti ya furaha, akamgeukia Mzee Polepole kana kwamba atamkumbatia au kumpiga, hajaamua.

"Ngoja," alisema Thibitisha. Alifungua mlango wa dereva. Juu ya kiti palikuwa na mto wa mahameli mekundu. "Mzee huyu ni mrefu. Akikalia mto huu kichwa chake kitagonga paa. Aliyekaa hapa asingeona barabara bila mto. Shangazi, leo umekalia mtandio."

Mlinzi alidakia. "Lakini Shangazi alikuja kumwagilia maua!"

"Na yalimwagiliwa?"

Mlinzi alitazama maua kando ya ukuta. Yalikuwa yameinama.

"Shangazi?" Mrithi alisema kwa sauti ya mtoto. "Gari ni letu. Kwa nini uibe chetu?"

"Kata muhuri, Bosi," alisema Thibitisha, "naye atakujibu."

"Usiguse!" Shangazi alisimama mbele ya pua ya gari, mikono ameipanua. "Mwanangu, usiguse. Mfanyie babako stara."

Mrithi alisita. Kisha akalichukua koleo mkononi mwa mlinzi, akamsogeza kando shangazi yake kwa upole, akakata waya. Boneti iliinuka. Chini yake hapakuwa na injini. Ilionekana saruji ya sakafu tu, na buibui mmoja aliyekuwa ameishi kwa amani chini ya muhuri wa heshima.

"Debe tupu," alisema Shemeji taratibu, bila kicheko safari hii.

"Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma," alisema Thibitisha. "Hili ni la kwanza kusifiwa kwa ukimya."

Shangazi alikaa juu ya kopo la rangi. Alieleza bila machozi. Mwaka wa pili wa duka, gari walilomuuzia mteja mkubwa liliua injini siku tatu kabla ya sherehe ambayo nchi nzima ingeitazama. Kiwanda kilisema wangoje miezi. Kaka yake akalifungua Korongo lake mwenyewe, akang'oa injini, akaifunga katika gari la mteja. Sherehe ilipita, magazeti yakasifu, oda zikamiminika. Alikusudia kurudisha injini nyingine. Kabla hajafanya hivyo, wajumbe wa kiwanda walifika na muhuri wao.

"Hawakufungua boneti kwanza?" aliuliza Mrithi.

"Wangefungua kwa nini? Walikuja kuthibitisha kwamba haijafunguliwa." Alitazama sakafu. "Kesho yule mtaalamu angeicheka picha ya kaka yangu ukutani. Kilichopotea, mwanangu, hakikaguliwi. Nilitaka kipotee kikiwa na heshima yake."

"Na Mzee?" aliuliza Thibitisha. "Asubuhi ulimsikia akiitwa mwizi."

"Nilijua hatasema. Ndiye aliyeshika tochi usiku ule injini ilipotolewa. Alimwapia kaka."

"Hivyo ulimjua kuwa mwaminifu, na hilo ndilo ulilolitumia kumfunga."

Kwa mara ya kwanza mgongo wa Shangazi ulipinda.

Nje, injini ya gari la polisi ilisikika vizuri sana. Mrithi alimtazama mkaguzi, kisha boneti, kisha mzee.

"Tuwaambie tu kwamba limepatikana," alinong'ona. "Tulifunge tena. Waya upo. Mzee, nimekukosea, nitakulipa fidia yoyote. Kesho tutasema mtaalamu asikate..."

"Bosi," alisema Mzee Polepole.

Mrithi alimgeukia.

"Tangu saa mbili asubuhi mimi ni mwizi. Mlinzi amewaambia wauza magazeti, wauza magazeti wamewaambia wajukuu wangu. Gari likionekana limefungwa vilevile, watu watasema mzee aliiba, akaogopa, akarudisha. Nilimtunzia marehemu siri yake hadi leo, sikumdai kitu. Leo nadai." Alikitoa mfukoni mwake kile kitambaa, akakikunjua. "Tulirudishe jukwaani. Na boneti ikae wazi."

Mrithi alimtazama shangazi yake. Yeye aliinuka kwenye kopo, akaenda kumlaki ofisa aliyekuwa akiteremka njia ya saruji. "Aliyelihamisha ni mimi," walimsikia akisema. "Yule mzee hana hatia. Andika hivyo, uandike kwa herufi kubwa."

Mlima ulikuwa mkali. Mrithi alisukuma upande mmoja, Shemeji mwingine, mlinzi nyuma, na Mzee Polepole alitembea mbele akiwa ameshika usukani kupitia dirishani, boneti imesimama wima kama mkono wa mtu anayeapa. Thibitisha alibeba vile vipande viwili vya mbao.

Walipofika nusu ya njia, mlinzi alitega sikio.

"Ila kweli jamani," alisema huku akihema. "Haliguni."